Mashine ya Daraja Haitulii

Jumatatu, 23 Juni 1997

Baridi. Upepo haujapumzika tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi, kalamu naishika kama mwiko.

Meshack ametuita wote ofisini kabla ya chai. Ana habari. Huko Zambia migodi inabinafsishwa, mitambo inauzwa kwa mwenye pesa — kama hii karakana yetu ya Milanzi, hapa Sumbawanga, ilivyouzwa kwake yeye. Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, anaitwa Fanueli, amepata mashine moja kubwa ya kuchonga chuma. Ina nguzo mbili na boriti juu yake, na meza inapita chini ya boriti kama gari linavyopita chini ya daraja. Kichwa cha kukata kinashuka kutoka juu, kompyuta inakiongoza. Kwa mashine kama hiyo, anasema Meshack, tutachonga vitu ambavyo sasa hivi watu wanavifuata Mbeya na Dar. Fanueli anatuletea tuijaribu kwanza. Tukiikubali, inabaki. Tukiikataa, anaipakia anaondoka nayo, na sisi tunaendelea na majembe ya kukokotwa na vipuri vya mashine za kusaga.

Wa kuikubali au kuikataa ni mimi. Atusaye, fundi sanifu, mwenye stashahada ukutani! Meshack amesema mbele ya watu wote kwamba neno langu ndilo neno lake. Nikavimba kichwa kidogo. Kwa dakika moja hivi.

Maana baadaye akasema ni fundi gani ataiendesha. Flavian. Ikinunuliwa, Flavian anapelekwa Ndola, huko huko Zambia, kujifunza, mwaka mzima, na nyumba atapewa ya kuishi na familia. Familia! Ametamka hivyo hivyo, kwa furaha, halafu akanitazama, akakohoa, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika.

Kwa hiyo iko hivi. Nikisema ndiyo, Flavian anaondoka na Luciana wake. Nikisema hapana, anabaki pale kwenye kerezo lake, ile mashine ya kukereza vyuma, mbele ya meza yangu, mume wa mtu, kila siku ya Mungu. Sijui lipi baya zaidi.

Uongo. Najua. Nataka abaki.


Alhamisi, 26 Juni 1997

Imefika! Lori lilikwama Laela, likavutwa na trekta la watu, dereva amefika mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Watoto wa Milanzi wote walikuwa getini.

Kubwa kweli. Rangi ya kijani imechubuka, lakini reli zake zinang'aa, mtu aliitunza huko ilikotoka. Tumeishusha kwa winchi ya mnyororo na kuivingirisha juu ya mabomba hadi kwenye msingi wa ile mashine ya zamani ya kuranda. Msingi ule ulimwagwa enzi za serikali, wakati hakuna aliyeuliza saruji inatoka wapi. Hautikisiki. Mzee Beda, fundi mkongwe kuliko wote hapa, ndiye alikuwa anaongoza, kwa mkono na kwa miluzi. Flavian alikuwa chini kabisa, tumbo kwenye sakafu, anaangalia miguu. Kila walipotikisa mnyororo roho yangu iliruka. Bado inaruka kwa ajili yake, mpumbavu huyu. Roho, namaanisha. Na yeye pia.

Niandike mara moja tu, nisirudie. Pasaka nilikuwa chumbani kwake, nilimpikia wali, tukapanga lini twende Mwimbi kumwona mama yake. Wiki iliyofuata akaitwa huko haraka. Mama yake alikuwa amezidiwa. Luciana, binti wa jirani, ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha muda wote huo ambao mwanawe yuko mjini, yuko na mimi. Mama akachukua mkono wa Luciana akauweka kwenye mkono wa Flavian. Kesho yake akafariki. Flavian aliporudi aliniambia hayo pale kwenye kerezo, mashine ikiunguruma, ili wengine wasisikie. Nilisikia nusu. Nusu ilitosha.

Nimkasirikie nani? Marehemu? Binti aliyemwogesha?

Kitambaa changu cha kichwa bado kiko kwake, kile cha bluu chenye maua ya rangi ya chungwa, nilichokisahau Pasaka. Upindo wake nilishona mwenyewe kwa uzi mwekundu kwa sababu wa bluu uliniishia. Siwezi kukidai. Nitaanzaje?


Ijumaa, 27 Juni 1997

Leo nimefukuzwa karakanani. Ndiyo, mimi!

Mashine ilikuwa bado imeinuliwa kwa jeki, sahani za miguu hazijalazwa. Mzee Beda akasema hakuna mashine kubwa iliyowahi kuingia hapa bila kupokelewa. Nilidhani anatania. Hatanii. Babu yake alikuwa wa malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma ambayo mengine bado yamesimama huko vilimani. Zamani zile tanuri lilikuwa bibi harusi. Walilipamba, walilipikia pombe, na mwanamke hakusogea, kwa kuwa bibi harusi ana wivu. Malungu yalipozimika, wazee waliokuja kufanya kazi hapa waliyaleta mambo yao kwenye mashine. Kwa hiyo mashine ni bibi harusi, atakayeiendesha ndiye bwana. Wanaume ndani, mlango umefungwa, unga wa ulezi na pombe kidogo. Mimi nje, nimekaa bombani na kikombe cha chai, nasikiliza wanavyoimba.

Baadaye Mzee Beda alikuja kunibembeleza, maana aliona nimenuna. Shikamoo niliitoa kwa meno. Akanieleza kwa upole kwamba sikudharauliwa. Bwana wa mashine analeta kitambaa cha mwanamke wa nyumbani kwake, unafungwa unga humo, unawekwa mahali. Hapo mashine inajua nyumba ina mwenyewe, haitamtaka yeye, haitamng'ang'ania mkono. Waliokatwa vidole hapa, alisema, ni wale waliocheka.

Nikamuuliza, huo unga umewekwa wapi. Akasema umekaa unapokaa, mwanangu.

Sikuuliza kitambaa cha nani. Si cha kuuliza. Luciana ametuma kutoka Mwimbi, au Flavian alikwenda kukichukua. Juzi hakuwapo, nadhani alikwenda huko. Mwanamke wa nyumbani kwake! Nimerudi nyumbani nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.


Jumapili, 29 Juni 1997

Bertha, jirani yangu, ametoka kanisani kwao akaja moja kwa moja mlangoni kwangu, rozari bado mkononi. Tangazo la kwanza limesomwa. Flavian na Luciana. Ndoa baada ya mavuno ya ulezi.

Alitaka kuniona nikilia, nadhani, ili apate kunifariji vizuri. Nikamwambia ni habari njema. Nikaenda kwetu Moraviani nikaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya.


Jumatano, 2 Julai 1997

Tumeanza kupima. Mashine imekalishwa juzi, imesawazishwa kwa pima maji, imetulia, nikaipa siku mbili ipoe na safari.

Umeme ni taabu. Majenereta ya mji huu yana tabia ya mgonjwa, yanakohoa, yanazima. Lakini saa nne ulikuja ukakaa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Naweka mezani kipande cha chuma cha pembe mraba. Naifunga saa ya kupimia kwenye kichwa cha mashine, ile ndogo yenye mshale. Kichwa kinatembea juu ya boriti kutoka nguzo hadi nguzo, na mshale unatuambia kama boriti imenyooka na meza au imeinama. Kila mstari ni sehemu moja ya mia ya milimita. Flavian anabonyeza vitufe upande wa pili, nyuma ya nguzo. Kutoka pale haoni saa. Mimi ndiye ninayesoma.

"Imesoma ngapi, dada Atusaye?"

Dada Atusaye. Miaka miwili nilikuwa Atu. Sasa nimepandishwa cheo.

Mstari mmoja! Kutoka mwanzo hadi mwisho, mstari mmoja tu. Mashine ya mgodini, iliyobebwa kwenye barabara ile! Nikamwambia. Akachungulia kutoka nyuma ya nguzo, akatabasamu — sijamwona akitabasamu hivyo tangu mama yake afariki. Anaipenda. Anaipangusa kama ng'ombe wa mahari. Tangu tulipofahamiana alikuwa akinichorea mashine za namna hii nyuma ya kalenda, na mimi nilicheka, nikamwambia zitafika Sumbawanga siku reli itakapofika.

Nimeandika: kipimo cha kwanza, kizuri. Nimeandika kwa mwandiko mbaya sana.


Ijumaa, 4 Julai 1997

Ajabu. Leo mistari minne.

Kipande kile kile, saa ile ile, mikono ile ile. Nimefungua nikafunga upya. Nimeifuta meza kwa petroli. Minne. Flavian akasema labda ni baridi ya asubuhi. Tukasubiri jua liingie dirishani. Minne.

Nilijihisi mwepesi. Niandike hapa ambapo hakuna anayesoma: nilijihisi mwepesi.


Jumatatu, 7 Julai 1997

Saba Saba. Kila mtu uwanjani. Kuna watu wameuza redio za Kichina, ndoo za plastiki, viatu vya mitumba vya rundo, soko huria limetufikia hadi huku kileleni. Nimenunua karanga nikarudi.

Nimelala mchana. Kulala mchana ni dawa ya wale wasiotaka jioni ifike.


Jumanne, 8 Julai 1997

Luciana amekuja karakanani.

Nilikuwa peke yangu mezani, wengine wako chini ya mti wa mbele wanakula. Nikasikia sauti ndogo mlangoni, "Shikamoo dada." Akachuchumaa kidogo, akapiga makofi yale ya Kifipa, taratibu, kama anamwamkia mama mkwe. Mimi! Amebeba kapu, ugali wa ulezi umefungwa kwenye kitambaa, na samaki. Kwa ajili ya Flavian, na mengine, akasema, kwa ajili yako dada, maana Flavian amemwambia kwamba kazi ya kupima ni ngumu na mimi sili.

Amekonda. Mikono yake ni mikubwa kuliko mwili wake, mikono ya jembe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nimejiandaa kwa wiki nyingi, na nikakosa pa kuanzia.

Akaitazama mashine muda mrefu. Akaniuliza Ndola ni mbali kuliko Mbeya? Nikasema ndiyo. Kuna watu wa kusema nao Kifipa? Nikasema sidhani. Akaweka kapu mezani. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye hajawahi kupita Sumbawanga, na kwamba makaburi ya kule Mwimbi, la mama Flavian na la mama yake mwenyewe, hayana mwingine wa kuyapalilia. "Mkisema mashine ibaki, nitakwenda, dada. Mkisema iondoke, nitamshukuru Mungu na sitamwambia mtu."

Kwa hiyo tuko wawili. Wanawake wawili tunaiombea mashine iharibike, na bwana harusi wa pande zote yuko nje anakula samaki.

Nilikula ule ugali. Ulikuwa mtamu. Nikalia chooni.


Alhamisi, 10 Julai 1997

Mistari minane.

Nimepima mara tatu, asubuhi, mchana, na umeme uliporudi saa tisa. Minane, minane, saba na nusu. Kila tukipima, namba nyingine. Mashine hii haitulii. Mwili wake unapinda wenyewe, boriti inainama upande wa ukutani. Nimemwambia Meshack kwamba kuna ufa ndani ya chuma, kwenye kitako au kwenye nguzo, ufa wa ndani ambao jicho halioni, na barabara imeufungua. Mashine ya namna hiyo utaiheshimu mwezi mmoja, mwezi wa pili inachonga takataka. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema saa ndiyo inayosema, mimi nasoma tu. Akaishika kofia yake muda mrefu. Jumamosi mchana atakuja na Fanueli, nitoe neno la mwisho mbele yake, ili Fanueli asije akasema amekataliwa kwa maneno ya mitaani.

Nimeshaandika taarifa. Ukurasa mmoja. "Haifai kununuliwa." Ni kweli tupu! Sikuongeza, sikupunguza. Mtu yeyote mwenye macho angeandika hivyo.

Flavian hakubisha. Halafu akachukua kitambaa cha mafuta akaanza kuifuta meza ya mashine, yote, pole pole, pembe kwa pembe, kazi isiyo na maana, maana inaondoka. Nilitamani aseme neno. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimempata, anabaki, na nilikuwa natazama mgongo wake na sikuona furaha yoyote mahali popote, si kwake, si kwangu.

Niliwahi kumpenda mtu huyu kiasi cha kumtakia kila kitu. Ilikuwa lini nikaanza kumtakia pungufu?


Ijumaa, 11 Julai 1997

Sijala. Bertha ameleta uji, nimeumwaga kwa mbwa wake.

Kitu kinanikera. Siku ya kwanza ilisoma mstari mmoja. Chuma chenye ufa hakianzi kwa adabu namna ile kisha kikaharibika siku kwa siku kikiwa kimekaa tu, hakijakata hata msumari. Nimeliwaza hilo tangu asubuhi. Ningeweza kuacha kuliwaza. Hakuna aliyeniuliza.


Jumamosi, 12 Julai 1997

Naandika hapa hapa karakanani, kwa penseli, nikiegemea mashine, ili nionekane naandika vipimo. Umeme umekatika. Tunausubiri. Flavian amekaa upande wa pili, juu ya sanduku la spana. Ngoja niyapange kuanzia asubuhi.

Nilikuja mapema kufungua saa yangu ya kupimia kabla Fanueli hajapakia mali yake. Karakana ilikuwa tupu. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la nyuma, likapiga sakafu upande wa ukutani ambako hatupiti. Nikaona mstari mweusi. Sisimizi. Wametoka ufa wa ukuta, wamekwenda mguu wa nyuma wa mashine, na wengine wanarudi. Wanaorudi kila mmoja amebeba punje nyekundu, ndogo kabisa.

Nikapiga magoti. Nikaonja. Ulezi.

Nilikaa pale sakafuni sijui muda gani. Unga umekaa unapokaa, mwanangu! Mzee Beda ameuweka chini ya sahani ya mguu, tani zote zile zimekaa juu ya kifurushi cha unga uliolowa pombe, na mimi nikiwa nje bombani na chai yangu. Sisi tukaisawazisha mashine ikiwa juu ya unga. Siku ya kwanza ilisimama vizuri. Kisha sisimizi wakaanza kazi. Siku kwa siku wameutoa unga chini ya mguu, punje moja moja, mguu ukashuka kwa unene usiofika hata karatasi, nguzo ikainama, boriti ikainama, mshale wangu ukaona. Hakuna ufa. Hakujawahi kuwa na ufa.

Ningeweza kufagia sisimizi. Fagio lilikuwa pale. Namimina mafuta ya taa kidogo kwenye ufa wa ukuta, naondoka, na ukurasa wangu unabaki kweli tupu. Nililishika fagio. Naliandika hilo.

Kisha Flavian akaingia. Akaniona na fagio, akawaona sisimizi. Ni fundi, hakuhitaji kuelezwa. Uso wake ulibadilika mara mbili. Akaenda kuchukua jeki.

Tuliinua mguu ule wa nyuma. Kidogo tu, nafasi ya kupitisha vidole. Yeye anapiga mpini wa jeki, mimi nimelala ubavu sakafuni na koleo. Nikasema moyoni, sasa nitakivuta kitambaa cha Luciana kwa mkono wangu mwenyewe, na iwe mwisho wa habari. Nikakivuta. Kimekuwa bapa kama chapati, kigumu, kina grisi na pombe iliyokauka. Nikakikunjua.

Bluu. Maua ya rangi ya chungwa. Upindo wa uzi mwekundu.

Nikamwangalia. Alikuwa bado ameshika mpini wa jeki.

Nikamuuliza kwa nini changu. Nilidhani nimeuliza kwa sauti, kumbe nilinong'ona.

"Mzee Beda alisema kitambaa cha mwanamke wa nyumbani kwangu," Flavian akajibu. "Nyumbani kwangu kulikuwa na hicho."

Basi. Angeongeza neno moja ningemshika, au ningempiga na koleo. Labda alikuwa hana kingine cha karibu, na alikuwa mvivu wa kwenda Mwimbi, wanaume ndivyo walivyo. Labda. Lakini alipokipunguza kitambaa kitoshe kifurushi, alikikata pembeni ya upindo ule, kwa uangalifu, uzi mwekundu haukukatwa hata mahali pamoja.

Tukasafisha sakafu kwa tindo na brashi hadi saruji ikaonekana. Tukalaza sahani juu ya saruji tupu. Tukashusha mguu. Tukasawazisha upya, pima maji mezani, yeye anakaza skrubu, mimi nasema kulia, kulia kidogo, basi. Kama zamani. Tulipofika mguu wa mwisho akasahau, akaniita Atu.

"Atu, ukisema ndiyo, mimi naenda."

Nikamwambia najua.

"Nataka kwenda," akasema. Na macho yake yalijaa, na hakuyafuta kwa sababu mikono ina grisi.

Nikamwambia najua hilo pia. Sikumwambia habari ya Luciana na makaburi yake. Si yangu kusema. Au ni yangu? Tangu saa ile najiuliza.

Ndipo umeme ukakatika. Sasa tumekaa hivi. Taarifa yangu ya juzi iko kwenye mfuko wa koti, imekunjwa. Kitambaa kiko mfuko wa pili. Meshack na Fanueli watafika mchana huu. Mzee Beda amepita mlangoni, ametuona tulivyokaa, ameona saruji imekwanguliwa, amevua kofia akaenda zake.

Nampenda. Haijapungua hata mstari mmoja.

— Umeme! Taa ya mashine imewaka. Feni inazunguka. Tunapima.

— Kichwa kimeanza kutoka nguzo ya ukutani. Sifuri. Flavian yuko nyuma ya nguzo, anabonyeza, nasikia pumzi yake tu. Nusu ya boriti. Sifuri. Kinatembea polepole mno. Nguzo ya pili. Nimeigonga saa kwa ukucha, mshale umetikisika, umerudi pale pale. Sifuri. Sijawahi kuona mashine imesimama hivi, hata chuoni.

Honi getini. Ni gari la Meshack.

"Atu," ananiuliza kutoka nyuma ya nguzo, "imesoma ngapi?"

Sisimizi mmoja ametoka mfukoni mwangu, anatembea juu ya ukurasa huu. Milango ya gari inafungwa huko nje. Nimeandika sifuri hapa. Bado sijamjibu.